Mipira mitatu ya Lahore: namna ya kusoma msimamo wa kundi katika kriketi ya ova 50

Nafundisha hisabati sekondari hapa Dodoma, na kriketi inapochezwa mimi ndiye ninayeshika daftari la mikimbio, yaani alama ambazo timu hupata kwa kupiga mpira. Vijana wangu, na hata wazazi wanaofuatilia mechi za kimataifa kwenye simu, hawanisumbui sana kuhusu namna mpigaji anavyotolewa au kwa nini mechi inakula siku nzima. Swali lao kubwa ni hili: timu mbili zina pointi sawa na zimeshinda mechi sawa, kwa nini hii imevuka kundi na ile imefungasha virago? Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lake limewahi kuwaponza hata wachezaji wa kimataifa.

Pointi zenyewe hazina ugumu. Katika mashindano mengi ya ova 50 (ova ni zamu ya mipira sita, na kila timu hupiga ova 50) ushindi ni pointi 2, kipigo ni 0, na mechi ikiisha kwa sare au ikivunjwa na mvua kila upande unapata 1. Zikilingana pointi, mara nyingi huangaliwa kwanza idadi ya ushindi, kisha ile safu ya mwisho ya jedwali yenye herufi NRR (net run rate) na namba iliyotanguliwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mimi huiita kasi halisi ya mikimbio.

Anayefuata Ligi Kuu anaijua tofauti ya mabao. Kriketi haiwezi kuitumia vilevile, kwa sababu timu inayopiga ya pili husimama mara tu inapolipita lengo. Ukiweka 240, nami nikafika 241 katika ova ya 30, ukitazama mikimbio peke yake nimekuzidi kwa mmoja, ilhali uwanjani nimekuburuza. Kwa hiyo inapimwa kasi. Chukua mikimbio yote ambayo timu imepata katika mechi zake zote za kundi, igawe kwa ova zote ilizopiga. Kisha chukua mikimbio yote iliyofungwa, igawe kwa ova zote ilizorusha. Toa jibu la pili kutoka kwenye la kwanza.

Wanafunzi wangu hujikwaa kwenye nukta. Ova ina mipira sita, kwa hiyo 37.4 kwenye ubao maana yake ni ova 37 na mipira 4, na kwenye kikokotoo inaingia kama 37.667. Jambo jingine ni kwamba timu ikitolewa wote kabla ya ova zake kwisha, inahesabiwa kana kwamba imepiga ova zote 50. Ukitolewa wote kwa 150 katika ova ya 25, unaandikiwa kasi ya 3 kwa ova, si 6. Sheria hiyo ni ya haki, maana bila hiyo timu ingeweza kupiga ovyo, ikaanguka mapema, kisha ikasifiwa kwa mwendo wake. Na usichukue namba ya kila mechi ukatafuta wastani wake. Unajumlisha mikimbio na ova za kundi zima kwanza, ndipo unagawa.

Sasa twende Lahore, Uwanja wa Gaddafi, tarehe 5 Septemba 2023, Kombe la Asia. Kundi lilikuwa na timu tatu, mbili zikivuka. Sri Lanka ilikuwa imeifunga Bangladesh, na Bangladesh ikaifunga Afghanistan kwa mikimbio 89. Afghanistan ikiifunga Sri Lanka, wote watatu wangebaki na pointi 2. Sri Lanka ikapiga 291 kwa kupoteza wiketi 8, yaani wapigaji 8 walitolewa (wakifika 10, timu imetolewa wote). Kushinda tu, Afghanistan ilihitaji 292 katika ova 50. Ili ivuke, ilitakiwa kuzifikisha hizo 292 ndani ya ova 37 na mpira 1, yaani mipira 223.

Walilifukuzia lengo hilo kwa ujasiri ambao bado unanisisimua. Ova ya 37 ilipokwisha walikuwa 289 kwa wiketi 8. Mikimbio mitatu, mpira mmoja. Mujeeb Ur Rahman akautafuta mpaka wa uwanja, akadakwa. Akaingia mpigaji wa mwisho, Fazalhaq Farooqi, huku Rashid Khan, aliyekuwa amepiga vizuri mno, amekwama upande wa pili. Farooqi akacheza mpira wa kwanza bila mkimbio, wa pili hivyohivyo, wa tatu ukamgonga mguu mbele ya vijiti anavyovilinda na mwamuzi akanyoosha kidole kwamba ametolewa. Afghanistan wote nje kwa 289. Sri Lanka imeshinda kwa mikimbio 2.

Afghanistan walicheza mipira ile mitatu kama watu ambao safari yao imekwisha, kwa sababu waliambiwa namba moja tu: 292 kufikia mpira wa 223. Hesabu yenyewe ilikuwa bado hai. Tuifanye pamoja.

Tuseme Farooqi anapiga sita (mpira unavuka mpaka bila kugusa ardhi, timu inapata mikimbio 6) kwenye mpira wake wa tatu, wa 37.4. Timu inafika 295. Mikimbio ya Afghanistan katika kundi ni 245 dhidi ya Bangladesh (walitolewa wote, kwa hiyo ova 50) na 295 katika ova 37.667. Jumla 540 kwa ova 87.667, ambayo ni 6.16. Walifungwa 334 na 291, jumla 625 kwa ova 100, ambayo ni 6.25. Tofauti ni −0.09. Sri Lanka nao walipata 165 katika ova 39 na 291 katika ova 50, jumla 456 kwa ova 89, yaani 5.12. Wangekuwa wamefungwa 164 za Bangladesh (wote nje, ova 50) na 295 hizo, jumla 459 kwa ova 87.667, karibu 5.24. Tofauti ni −0.11. Bangladesh wako juu kwa +0.37, na nyuma yao inavuka Afghanistan.

Siri iko kwenye ile sita. Lengo ni 292, lakini ukiwa 289 sita inakupeleka 295, na mikimbio mitatu ya ziada inaingia kwenye hesabu na kufidia mipira iliyopotea. Nimepiga hesabu ya kila mpira kati ya ile mitatu: kwenye ule wa kwanza hata nne ingetosha, maana 293 katika mipira 224 inavuka. Kwenye wa pili na wa tatu ilihitajika sita. Kocha wao, Jonathan Trott, alisema baada ya mechi kwamba hawakuwa wameelezwa hesabu hizo.

Hili linaniuma kama mtu wa daftari. Hakuna fomula ngumu hapo, ni kujumlisha na kugawa. Karatasi moja yenye safu mbili, mpira na mikimbio inayotakiwa, iliyoandaliwa wakati wa mapumziko ya kubadilishana zamu na kukabidhiwa kwa kila mpigaji anayetoka kwenda uwanjani, ingemfanya Farooqi arushe gongo kwa nguvu zake zote. Huenda angekosa. Lakini angekosa akijaribu. Ndiyo maana nawafundisha vijana wangu kwamba kazi ya anayeshika daftari haiishii kuandika kilichotokea. Ni lazima pia aseme mapema ni nini kinachotakiwa, na aseme mpira kwa mpira.

Kuna wanaosema dawa ni kufuta kasi ya mikimbio na kuangalia nani alimfunga nani. Wana mfano wao mzuri: Kombe la Dunia la 2019 nchini Uingereza. New Zealand na Pakistan walimaliza na pointi 11 kila mmoja, ushindi mitano kila mmoja, na Pakistan walikuwa wamewafunga New Zealand uso kwa uso. Waliovuka ni New Zealand, kwa +0.175 dhidi ya −0.430, nao wakafika mpaka fainali. Kilichowazamisha Pakistan kilitokea katika mechi yao ya kwanza tu: tarehe 31 Mei, uwanja wa Trent Bridge, West Indies waliwatoa wote kwa 105 katika ova 21.4, kisha wakazifukuzia na kumaliza kwa 108 katika ova 13.4. Kwa mechi hiyo peke yake Pakistan waliandikiwa 2.10 kwa ova walizopiga na 7.90 kwa ova walizorusha. Shimo la namna hiyo halifukiwi kirahisi. Katika mechi yao ya mwisho ya hatua hiyo, uwanja wa Lord's dhidi ya Bangladesh, walipiga 315 na wakatakiwa wawatoe Bangladesh wote kwa mikimbio isiyozidi 7 ili wavuke. Walishinda kwa 94, wakarudi nyumbani.

Pamoja na hayo, mimi nasimama na kasi ya mikimbio. Katika kundi la timu tatu kama lile la Lahore, kuangalia nani alimfunga nani kungeleta mduara tu: A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A. Na kipimo hiki kinaipa kila ova thamani, hata kwa timu ambayo mechi imeshaiponyoka. Kasoro yake halisi naiona kwingine: hakijali wiketi. Aliyefika 200 kwa kupoteza wiketi 1 na aliyefika 200 kwa kupoteza 9 katika ova zilezile wanaandikiwa sawasawa, na yeyote aliyewahi kutazama mechi anajua kuwa hizo ni siku mbili tofauti kabisa.

Mvua ni habari nyingine, na kwetu Dodoma, ambako hunyesha kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine ni jua na vumbi, vijana hawaizoei. Katika kriketi ya kimataifa inaweza kuamua kombe. Tarehe 1 Machi 1992, Kombe la Dunia, huko Adelaide, Uingereza iliwatoa Pakistan wote kwa mikimbio 74. Uingereza ilikuwa 24 kwa wiketi 1 mvua ilipovunja mechi, na kila timu ikapewa pointi 1. Pakistan walimaliza hatua hiyo na pointi 9, Australia na West Indies wakiwa na 8. Pointi ile ya mvua iliwapeleka nusu fainali, na wao ndio waliobeba kombe.

Mvua ikikata mechi bila kuivunja, lengo hurekebishwa kwa njia ya Duckworth, Lewis na Stern (mwaka 2003 ikiitwa ya Duckworth na Lewis), ambayo, tofauti na kasi ya mikimbio, inazitazama wiketi zilizobaki. Afrika Kusini hawatausahau usiku wa tarehe 3 Machi 2003 huko Durban, katika Kombe la Dunia. Sri Lanka ilikuwa imepiga 268. Mawingu yakiwa mazito, Mark Boucher alipiga sita kwenye mpira wa tano wa ova ya 45 na timu ikafika 229. Akaamini hiyo ndiyo namba ya ushindi, akauzuia mpira wa mwisho. Mvua ikamaliza mechi. 229 ilikuwa namba ya sare. Mkimbio mmoja zaidi ulihitajika. Wenyeji wakatolewa katika hatua ya makundi. Mtu fulani aliisoma karatasi na hakusema kwa ufasaha ilikuwa inasema nini.

Kundi hilohilo ndilo lililotupa furaha sisi Waafrika Mashariki. Kenya waliwafunga Sri Lanka jijini Nairobi tarehe 24 Februari: 210 kwa 157, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa sababu za usalama, Kenya wakapewa pointi 4, ambazo mwaka ule ndizo zilikuwa za ushindi. Kuna waliobeza safari yao kwa sababu hiyo. Mimi nawaambia watazame kanuni: pointi ulizopata dhidi ya waliovuka pamoja nawe zilibebwa kwenda hatua ya Super Six, ya timu sita zilizovuka. Sri Lanka walivuka. Kuwafunga kulikuwa na thamani mara mbili, na ushindi ule Kenya waliupata kwa jasho uwanjani. Walifika nusu fainali.

Hayo hayako mbali na sisi. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la vijana la 2026, nchini Zimbabwe na Namibia, wakapangwa na Afrika Kusini, West Indies na Afghanistan, timu tatu kati ya nne zikivuka. Katika kundi la aina hiyo timu changa lazima ijue namna ya kupoteza kwa kipimo. Ukishatolewa wote kwa 120, mpinzani akizifikia katika ova 35 badala ya 15 umejiachia mlango wazi kwa mechi ijayo. Mrushaji anayebana mikimbio katika mechi iliyokwisha kupotea anaifanyia timu kazi kubwa, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Kombe la Dunia la wakubwa linakuja Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia mwaka 2027: timu 14, makundi mawili ya timu saba, tatu zikivuka kila kundi. Kila timu itakuwa na mechi sita za kundi, na Johannesburg iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo tutazifuatilia bila kukesha. Anayetaka kujizoeza na aanze sasa na mechi yoyote ya zamani: andika mikimbio, geuza ova zote ziwe mipira, zidisha ova kamili kwa sita kisha ongeza mipira iliyo baada ya nukta, na walioanguka wote waandikie mipira 300.