Taa za mchana na taa za ukungu: tunayoyaamini na ukweli wake

Giza linaanza kuingia. Umekuwa nyuma ya gari fulani kwa muda, mara unatambua kwamba kwa nyuma halina hata nukta moja nyekundu. Linapokata kona ndipo unapoona mbele linawaka vizuri, taa mbili nyeupe. Dereva wake hana habari. Dashibodi inang'aa, mbele kuna mwanga, atajuaje? Nimeshakutana na magari ya namna hiyo mara nyingi, na sidhani kama madereva wake ni wazembe. Wengi hawajawahi kuelezwa taa zile zimewekwa kwa ajili ya macho ya nani.

Dhana: Taa za mchana zikiwaka, basi taa za gari zimewaka

Katika magari mengi, taa za mchana ziko mbele tu. Ukiwasha injini zinawaka zenyewe, na kule nyuma hakuna kinachobadilika. Kazi yake ni moja: mtu anayekuja mbele yako, anayevuka, au anayetaka kuingia barabarani akuone mapema. Hazikutengenezwa ili wewe uone njia.

Vipimo vinaonyesha hivyo hivyo. Kanuni ya 87 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka kila taa ya mchana iwe na nguvu ya kati ya kandela 400 na 1,200 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga). Taa za dimu, yaani taa kuu za kawaida za usiku, pale mwanga wake unapokuwa mkali zaidi, hufika makumi ya maelfu ya kandela, na mwanga huo umeinamishwa uangukie barabarani. Mwanga wa taa za mchana umetandazwa kuelekea macho ya watu.

Kwa nini basi dereva anadanganyika? Zamani usiku ukiingia hukuweza kusoma spidi mpaka uwashe taa, na giza la dashibodi lilikukumbusha. Siku hizi vioo vya dashibodi vinawaka saa zote. Kanada, iliyolazimisha taa za mchana kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989, iliona tatizo hili likizidi. Ndiyo maana tangu Septemba 2021 gari jipya linalouzwa huko lazima lifanye moja kati ya haya: liwashe na taa za nyuma pamoja na zile za mchana, au liwashe taa zote lenyewe giza linapoingia, au liache dashibodi gizani mpaka dereva awashe taa.

Jioni ya leo fanya hivi. Egesha gari mahali salama, washa injini, usiguse swichi ya taa, kisha shuka uzunguke nyuma. Ni hatua chache tu, na utajua gari lako ni la aina gani. Zungusha swichi kwenye taa ndogo, urudi kuangalia tena. Kisha kwenye dimu. Mtu akishaiona nyuma ya gari lake ikiwa nyeusi huku mbele kunawaka, hasahau.

Dhana: Swichi iko kwenye "Auto", gari litajua lenyewe

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inawapata hata madereva waangalifu. Sensa ya taa, ambayo kwa kawaida iko nyuma ya kioo cha mbele karibu na kioo cha ndani, hupima jambo moja: kuna mwanga kiasi gani nje. Haipimi unaona umbali gani. Ukungu wa saa tatu asubuhi ni mweupe na una mwanga tele, hivyo sensa inaona mchana mzuri na kuliacha gari na taa za mchana peke yake. Nyuma panabaki giza wakati ambapo anayekufuata anahitaji kukuona kuliko siku nyingine yoyote. Mvua kubwa ya mchana huleta hali hiyo hiyo. Yapo magari yanayowasha taa waipa zikianza kufanya kazi, lakini si yote. Kwenye ukungu na mvua nzito, washa dimu kwa mkono wako.

Dhana: Taa za ukungu hupenya ukungu

Hakuna taa ya gari inayopenya ukungu. Chukua tochi, iwashe jikoni juu ya sufuria inayotoa mvuke mzito, uishike karibu na jicho lako. Utaona ukuta mweupe. Sasa iteremshe hadi usawa wa kiuno, mwanga ulale chini. Ukuta unapungua, na unaanza kuona kilicho nyuma ya mvuke. Tochi ni ile ile, kilichobadilika ni mahali ilipo.

Ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea, na kila tone hutawanya mwanga unaoligonga. Ukipiga fuli, yaani taa kuu zinazomulika mbali, kwenye ukungu, miale mikali inapita usawa wa macho yako, inagonga mamilioni ya matone, na sehemu yake inarudi kwako. Ndiyo maana fuli hukupofusha mwenyewe.

Taa za ukungu za mbele zinatumia umbo la mwanga. Kwanza zimewekwa chini, kwenye bampa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa magari madogo zinataka ziwe kati ya milimita 250 na 800 kutoka ardhini. Pili, mwanga wake ni mpana sana, unafika kando zote mbili za barabara. Tatu, kwa juu umekatwa kama kwa rula, hakuna mwale unaopanda. Hivyo mwanga unapita chini ya mstari unaotazamia, unaonyesha ukingo wa lami na mistari iliyo karibu, na ni kidogo tu kinachorudi machoni.

Lakini mwanga huo haufiki mbali. Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, gari linakata karibu mita 17 kila sekunde. Kama unaona mita 30 mbele, una chini ya sekunde mbili za kuona kitu, kuamua na kusimama, na gari halisimami katika umbali huo. Taa za ukungu zinakusaidia kufuata ukingo wa barabara ukienda polepole. Anayezitumia ili adumishe spidi yake ya kila siku anazitumia vibaya. Wala hazichukui nafasi ya dimu. Huwashwa pamoja nayo.

Dhana: Mwanga wa njano ndio unaofaa kwa ukungu

Imani hii ina mizizi mirefu. Ufaransa ilitaka taa za mbele za magari ziwe za njano kwa miongo kadhaa, hadi 1993. Hoja inayotolewa ni kwamba bluu hutawanyika zaidi kuliko njano, kama inavyotokea angani. Hoja hiyo ni kweli kwa hewa, kwa kuwa molekuli zake ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Tone la ukungu ni kubwa kuliko wimbi hilo mara nyingi, na kwa ukubwa huo rangi zote hutawanyika karibu sawa. Ushahidi uko mbele ya macho yetu: ukungu ni mweupe. Ungekuwa unachagua bluu, tungeuona una rangi ya anga.

Wapo madereva wanaosema njano haiwachoshi macho, nami siwakatalii. Hilo ni suala la macho ya mtu. Ila ukibandika karatasi ya njano juu ya taa nyeupe, unapunguza mwanga.

Mengine kwa kifupi

Taa ya mchana ikizimika au kufifia upande mmoja ukiwasha indiketa, haijaharibika. Imeundwa hivyo ili indiketa isimezwe na mwanga wa jirani yake. Vivyo hivyo, taa moja ya ukungu ikiwaka yenyewe unapokata kona polepole usiku, katika baadhi ya magari hiyo ni taa ya kona.

Kwamba taa za mchana zinamaliza betri, hapana. Zinawaka gari likiwa linafanya kazi, na zile za LED hula wati chache tu, wakati balbu moja ya kawaida ya dimu hula wati 55.

Kwamba ni urembo, hapana vilevile. Sweden ililazimisha kuwasha taa mchana mwaka mzima tangu 1977, na Umoja wa Ulaya ulizitaka kwenye aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Gari la kijivu linalotoka kwenye kivuli cha miti jua likiwa mbele yako ni gumu kuliona. Nukta mbili za mwanga hulitenga na kivuli.

Na balbu "kali zaidi" ndani ya taa ya ukungu? Kioo na kiakisi vyake vimepimwa kufuata mahali waya wa balbu ulipo. Ukiweka balbu ambayo mwanga wake unatoka mahali pengine, ule mkato wa juu unaharibika, na umejitengenezea fuli ndogo kwenye bampa.

Dhana: Taa ya ukungu ya nyuma ni ya kuwasha wakati wowote, usalama kwanza

Taa hii ni nyekundu na kali, kandela 150 au zaidi, karibu sawa na taa ya breki. Ndiyo sababu kanuni zinataka zitenganishwe kwa zaidi ya sentimita 10. Magari mengi yana moja tu, upande ulio karibu na katikati ya barabara, kwa hiyo ukiona moja inawaka usidhani ya pili imeungua.

Ukungu ukiwa mzito, taa hiyo huonekana mapema kuliko taa za kawaida za nyuma. Ukungu ukiachia, au kwenye mvua ya kawaida usiku, inamchoma macho anayekufuata na kuificha breki yako. Uingereza inaruhusu taa za ukungu pale tu mtu anaposhindwa kuona vizuri, kwa kawaida chini ya mita 100, na inataka zizimwe hali ikitengemaa. Ujerumani ni kali zaidi: ya nyuma ni kwa ukungu wa chini ya mita 50, na hapo spidi haizidi kilomita 50 kwa saa.

Kwenye dashibodi, alama ya kijani yenye miale inayoelekea kushoto ni taa za ukungu za mbele. Ya rangi ya chungwa, miale ikielekea kulia, ni ya nyuma. Hiyo ya chungwa ikiwa bado inawaka wakati unauona mti ulio mbali barabarani, aliye nyuma yako anasubiri uizime.