Mlima, kihamba na falsafa mbili zinazosingiziwa

Kwenye kijiwe cha kahawa hapa Moshi huwa nasikia vijana wa chuo wakizitaja falsafa mbili, usasabaadaye (postmodernism) na ridakshonizimu (reductionism), kama matusi. Inaniuma, maana zote mbili zina hoja nzito.

Dhana: Usasabaadaye unasema hakuna ukweli, kila mtu ana wake.

Ukweli: Mfaransa Jean-François Lyotard, mwaka 1979, aliueleza kuwa ni kutoziamini simulizi kuu, zile zinazodai kuieleza historia yote ya binadamu kwa mkupuo mmoja. Kuitilia shaka simulizi si kukana kilichotokea. Tazama huo mlima wetu, Kilimanjaro. Wajerumani walikiita kilele chake Kaiser-Wilhelm-Spitze. Baada ya uhuru wa 1961 tukakiita Uhuru. Vitabu vingi vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia mwaka 1889, halafu kimya kuhusu wenyeji waliowabebea mizigo, ambao wenzao wa leo tunawaita wagumu. Swali la usasabaadaye ni hilo: nani kasimulia, nani kaachwa nje? Kilele kinabaki na mita zake 5,895 kwa jina lolote. Wapo waliovuka mpaka wakaandika kana kwamba hata vipimo ni hadithi, hao siwatetei.

Dhana: Hayo ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu.

Ukweli: Soma tena habari ya wagumu.

Dhana: Ridakshonizimu ndiyo sayansi yenyewe.

Ukweli: Kuligawa tatizo vipande vipande ni njia ya kazi, mwanafalsafa Mfaransa Descartes aliipendekeza mwaka 1637, na imetufaa sana. Ridakshonizimu huenda mbali zaidi: hudai kitu kizima si chochote ila sehemu zake. Mwanafizikia wa Marekani, Philip Anderson, alikubali mwaka 1972 kwamba vitu vyote vinatii kanuni zilezile za msingi, ila akakataa kwamba ukizijua hizo unaweza kuujenga ulimwengu upya kutoka kwazo.

Ingia kwenye kihamba cha Mchagga, yaani shamba linaloizunguka nyumba yake. Juu migomba, chini yake mibuni, chini zaidi magimbi. Ng'ombe zizini anatafuna majani ya mgomba, samadi inarudi shinani. Peleka udongo maabara, watakupimia naitrojeni, na kipimo kitakuwa sahihi. Lakini kivuli kinachoupoza mbuni saa saba mchana hukikuti kwenye kile kifuko cha udongo, wala kwenye jani moja la mgomba. Kipo pale mgomba na mbuni vinaposimama pamoja.