Krimu Inayochoma Uso Haitibu: Maswali Tunayoulizwa Kliniki Hapa Lamu

Ngozi nyeti ni ipi?

Ni ngozi inayowasha, inayochoma au inayovutana kwa vitu ambavyo ngozi ya mwenzako huvistahimili bila taabu. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, hivyo amini unavyohisi kuliko unavyoonyeshwa na kioo.

Nioshe uso kwa sabuni gani?

Tumia sabuni laini ya uso isiyo na manukato. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho namba ikipanda asidi hupungua) ikikaribia 5, ilhali sabuni ya kipande, ikiwemo ile ya kufulia ambayo wengi hunitajia bila haya, hufika 9 au 10 na kuondoa mafuta yanayoizuia ngozi isikauke. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu upesi, basi mtu huongeza sabuni, hujisugua kwa dodoki, kisha hushangaa uso ukichubuka. Vidole vinatosha, asubuhi na jioni. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando au losheni isiyo na harufu.

Na liwa, ule msandali wa kupaka, je, au ndimu?

Liwa ikikuwasha, iache, hata kama nyanya yako aliipaka miaka yote. Ndimu ibaki kwenye samaki, kwa sababu maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Krimu ikichoma, si ndiyo inafanya kazi?

Hapana. Kuchoma ni ngozi kuumia. Wiki chache zilizopita mama mmoja alifungua fundo la leso akatoa kikopo kisicho na lebo, krimu ya kuchanganya yenye rangi ya samli, akaniambia kwamba aliivumilia miezi minne kwa kuwa aliyemuuzia alimwahidi kuwa moto ule ni uchafu unatoka. Mashavu yake yalikuwa yamekonda ngozi hata mishipa midogo ikaonekana. Krimu za namna hii mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli, au haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kung'arisha ngozi, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya.

Nikiiacha uso huharibika zaidi. Si bora niendelee?

Hapana, narudia, hapana. Ngozi iliyozoea steroidi hufura na kutoa vipele inapoikosa, na kila ukiirudia unazidi kujifunga. Usiendelee kuipaka na usikae nyumbani ukingoja itulie. Njoo kliniki siku hiyo hiyo uongozwe namna ya kuiacha. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali moja kwa moja, hata iwe usiku.

Nitajuaje bidhaa mpya inanifaa?

Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, kabla ya kuigusisha uso. Ikiwasha, iache hapo hapo. Na ukija kutuona, njoo na kikopo chenyewe, hata kikiwa kitupu.