"Koyote nje ya msimu": msimu upi?

Watu hulaumu kwamba koyote, mnyama wa porini wa Amerika Kaskazini wa jamii ya mbwa, ameuawa "nje ya msimu". Msimu wa manyoya yake ni wiki zile ambazo manyoya yamekomaa: marefu, mazito, yameshika ngozi barabara. Kaskazini mwa Marekani ni mwishoni mwa Novemba hadi Januari hivi. Maana ni hiyo tu. (Na koyote si mbweha wetu, ingawa ni wa ukoo mmoja.)

Kinachochanganya watu ni neno lenyewe. Msimu limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, na mabaharia wa pwani walihesabu kwalo pepo, kaskazi na kusi. Hakuna serikali inayofungua kaskazi. Manyoya nayo hayangoji tangazo: hufuata kufupika kwa mchana, na hata baridi haina usemi mkubwa. Chukua ngozi iliyochunwa Septemba, igeuze upande wa nyama. Utaona weusi unaoelekea buluu, kwa kuwa rangi bado imo kwenye mizizi ya nywele zinazoota. Ya Desemba ni nyeupe. Rangi imeshapanda yote kwenye nywele. Ikifika Februari, nywele za mabegani na nyongani zimesuguka, na mnunuzi anakata bei.

Msimu wa sheria, yaani miezi inayoruhusiwa kuwinda, ni habari nyingine. Texas haufungwi kamwe, uko wazi mwaka mzima. Sehemu kubwa ya New York ni Oktoba hadi Machi. Kwa hiyo anayempiga koyote Texas mwezi Julai, leseni mkononi, si jangili, hata kama ngozi ni ya kutupa. Wa New York mwezi Machi naye yumo ndani ya sheria, lakini ngozi imeshachakaa na jike huenda ana mimba: hupandana Januari hadi Machi, na mimba huchukua siku 63 hivi.

Suala la maadili linaanzia hapo, na kalenda zote mbili haziligusi. Watoto huzaliwa Aprili na Mei, wakanyonya wiki 5 hadi 7. Ukiua mama kabla ya hapo, walio shimoni hufa njaa. Mfugaji atakwambia wazazi hao hao, wakiwa na midomo sita ya kulisha, ndio wanaomaliza wanakondoo wake, wala hasemi uongo.

Basi anayelaumu aseme analaumu nini: ngozi iliyotupwa, watoto walioachwa, au sheria iliyovunjwa. "Nje ya msimu" inaweza kuwa lolote kati ya hayo, au lisiwepo hata moja.