Ukiambiwa kura zimeibwa, uliza ni kituo gani

Uchaguzi ukikaribia, kazi yangu ni kuwafunza maafisa wa habari namna ya kujibu madai ya wizi wa kura. Wengi huja na jibu mfukoni, kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Hilo nalifuta kwanza. Halijibu kitu, na aliyeshindwa hulisikia kama kejeli.

Lishushe dai hadi kituoni. Kura zipi, fomu ipi, nani alitia sahihi? Kenya mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, mwenye kalamu na subira ajumlishe mwenyewe. Iliposemwa kwamba fomu zilinaswa njiani zikabadilishwa, Mahakama ya Juu iliagiza uchunguzi, na fomu halisi zilizokaguliwa zikafanana na zile za tovutini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa asilimia 100.01. Makamishna wanne wa tume hiyo waliokataa matokeo walisema asilimia za wagombea zinapita mia, na kwamba ile 0.01 ni kura kama 142,000. Kasirika ukitaka, ila bora uchukue kikokotoo. Kura halali zilikuwa 14,213,027, kwa hiyo asilimia 0.01 yake ni kura 1,421 tu. Nazo si kura za mtu yeyote. Wagombea walikuwa wanne: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Ukigawanya kura zao upya utaona kila tarakimu ilipandishwa kidogo ili ibaki na nafasi mbili baada ya nukta. Jibu zima linaenea kwenye karatasi moja, na fundi yeyote wa simu pale Gikomba anaweza kulihakiki.

Lakini karatasi hiyo haina maana kama huna cha kuonyesha. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na ukimya huo ukahesabiwa dhidi yake. Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa, majaji wanne kwa wawili. Kwa hiyo dai likiwa na ukweli, hata wa fomu moja isiyo na muhuri, litamke wewe kabla ya wakili wa mlalamishi. Muda wenyewe ni mfupi: siku 7 za kuwasilisha kesi, 14 za kuiamua. Nyaraka zipangwe kituo kwa kituo kabla kura ya kwanza haijapigwa.