Mtoto Anayesomea Nyumbani Yuko Gredi ya Ngapi?

Wazazi wanaowasomesha watoto nyumbani hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Likoni, huniuliza zaidi ya yote swali la gredi: mtoto huyu, ambaye hajakaa darasani hata muhula mmoja, au ametolewa shuleni katikati ya masomo, tumwandike yuko gredi ya ngapi? Jibu langu huwaudhi baadhi yao, kwa kuwa huwaambia kwamba wanauliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni la fomu: gredi itakayoandikwa kwenye karatasi na itakayomfikisha mtoto kwenye tathmini za kitaifa. La pili ni la mezani: afunguliwe kitabu kipi kesho asubuhi. Majibu ya maswali hayo si lazima yalingane, na mara nyingi hayalingani.

Kwenye fomu, umri ndio unaotawala. Katika mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya mtoto hutarajiwa kuingia Gredi ya 1 akiwa na miaka 6, baada ya miaka miwili ya chekechea. Humaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, sekondari msingi katika Gredi ya 9 na sekondari pevu katika Gredi ya 12. Njiani kuna tathmini mbili zinazosimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya: KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, iliyoanza mwaka 2025. Mzazi anayepanga gredi na aanze kwenye tathmini iliyo mbele yake, kisha ahesabu kurudi nyuma, badala ya kuanzia kwenye kitabu ambacho mtoto alikimaliza mwezi uliopita.

Nasisitiza hesabu hiyo kwa sababu ya jinsi alama zinavyokusanywa. Mtihani wa KPSEA wenyewe huchangia asilimia 40 tu ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi, na asilimia 60 iliyobaki hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6. Katika Gredi ya 9, KJSEA huchukua asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kwa hivyo, ikiwa wazazi wanatarajia mtoto wa nyumbani aje kuingia sekondari pevu ya humu nchini, ni bora watafute shule iliyosajiliwa itakayokubali kumfanyia tathmini hizo kabla hajafika Gredi ya 4, wala wasingoje muhula wa mwisho wa Gredi ya 6, wakati walimu wakuu hawana tena subira ya kusikiliza hadithi ndefu. Hata hivyo, KPSEA haimzuii mtoto kuendelea na Gredi ya 7, na sioni sababu ya kumrudisha nyuma mwaka mzima kwa kuuogopa mtihani huo.

Tofauti ya mwaka mmoja kwenda chini huikubali bila ubishi mwingi. Kumpandisha mtoto juu ya umri wake ni nadra sana nikubali. Mtoto wa miaka 8 anayesoma kama wa miaka 11 anaweza kupewa vitabu vya wa miaka 11 huku fomu yake ikibaki ilivyo. Akipandishwa kwenye fomu, atafika Gredi ya 9 akiwa bado mdogo mno kuamua iwapo mkondo wake ni wa sayansi na teknolojia, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na michezo. Fahari ya mzazi haitamsaidia siku hiyo.

Mezani, kila somo hupimwa peke yake. Mimi humpima mtoto asubuhi, kamwe si jioni akiwa ametoka chuoni, yaani madrasa, amechoka, na huanza gredi mbili chini ya umri wake, ili mwanzo uwe mwepesi na nione mahali hasa anapoanza kukwama. Katika Hisabati, pengo la Gredi ya 5 aghalabu lina mizizi katika Gredi ya 3: mtoto asiyeelewa thamani ya nafasi za tarakimu hawezi kugawanya kwa njia ndefu, hata akikaririshwa. Katika kusoma, humpa kifungu asichowahi kukiona, akisome kwa sauti, kisha anisimulie. Kiingereza nakipima kwa makini zaidi kuanzia Gredi ya 4, kwa sababu hapo ndipo kinapokuwa lugha ya kufundishia masomo mengine. Nacho Kiswahili kina mtego wake hapa kwetu: mtoto wa Mji wa Kale anayeongea Kimvita safi hudhaniwa hahitaji kufundishwa, kumbe insha yake ya sanifu iko gredi mbili nyuma ya mazungumzo yake. Sayansi na Masomo ya Jamii hayanisumbui. Ndugu wawili wa gredi tofauti wanaweza kuzuru Fort Jesus siku moja, kila mmoja akaandika kwa kadiri yake.

Hali ninayokutana nayo sana, na ambayo miongozo ya ng'ambo haiigusi, ni ya mtoto aliyeacha shule kwa ajili ya hifdhi, yaani kuihifadhi Qur'ani kwa moyo. Tuchukue mvulana wa miaka 11 aliyemaliza Gredi ya 3, akahifadhi Qur'ani kwa miaka miwili, sasa anasomea nyumbani. Umri unasema Gredi ya 6, na baba yake anataka Gredi ya 4, pale alipoachia. Mimi ningemwandika Gredi ya 5: Kiingereza angesomea vitabu vya Gredi ya 3 kwa muhula mmoja, Hisabati Gredi ya 4, na Elimu ya Dini ya Kiislamu angekuwa mbele ya wenzake wote. Mtoto aliyezoea kukaa na ukurasa mmoja hadi aumiliki huziba mapengo haraka kuliko tunavyodhani. Linalobaki gumu ni alama za Gredi ya 4 ambazo hana, na hilo lazima lizungumzwe na shule mapema. Kwa wanaopanga hifdhi sasa, ningeshauri imalizike kabla ya Gredi ya 4 au ianze baada ya Gredi ya 6.

Wanaotumia mtaala wa Uingereza wakumbuke kwamba mwaka wa 4 wa huko ni wa watoto wa miaka 8 hadi 9, na huanza Septemba. Mtoto wa umri huo huku kwetu yuko Gredi ya 3 au anaikaribia ya 4. Namba mbili zikifanana kwenye jalada, hazimaanishi darasa moja. Ama mtoto mwenye ulemavu wa akili, mtaala wetu una njia inayofuata hatua badala ya gredi za umri, na kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndicho cha kuanzia.

Uamuzi huu uangaliwe upya kila Novemba. Andika ukurasa mmoja wenye gredi ya fomu juu, na chini yake kila somo na kiwango chake: anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko mbali nayo. Ambatisha cheti cha kuzaliwa na kazi mbili tatu za mtoto zenye tarehe. Mwalimu mkuu atakayempokea Januari atauliza hayo kabla ya kuuliza jina la mtaala.