Kesi ya ubakaji haisikilizwi mbele ya kijiji kizima

Juzi kwenye daladala ya kutoka Chamwino kuja Dodoma mjini nimemsikia mama anamwambia binti eti ukipeleka kesi ya kubakwa mahakamani utaelezea kila kitu nusu ya kijiji wamekaa wanakusikiliza. Jamani sio kweli, na maneno haya yamewanyamazisha wengi mno. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi kwenye kesi za makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha, sio wako tu, wa mashahidi wote, yaani wasiohusika wanatoka nje, na magazeti wala redio haziruhusiwi kutangaza ushahidi huo. Halafu anayeshtaki ni Jamhuri, wewe unakuja kama shahidi. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.